Mwalimu Aliyehukumiwa Asihamishwe: Aondoshwe



Mzazi anapompeleka mtoto wake masomoni, afanya tendo la imani kubwa. Amkabidhi mtu asiye wa ukoo wake kitu kinachopita mashamba na ng'ombe zake zote, tena hamwombi rehani wala hamwandikishi karatasi. Amwacha asubuhi, arudi shambani, na moyo wake watulia. Watulia kwa sababu jina la mwalimu kwetu si jina la kazi tu, ni jina la heshima. Katika misioni zetu za kwanza mwalimu alimtangulia mara nyingi padri mwenyewe. Yeye ndiye aliyekusanya watoto chini ya mti, akawafundisha sala na kusoma, akawazika wafu wakati padri alipokuwa mbali. Heshima ile tumeirithi. Leo twataka kusema juu ya watu wanaoila heshima ile kama mali ya wizi, na zaidi juu ya wale wanaowaachilia waendelee kuila.

Neno letu ni moja, na twalisema wazi tangu mwanzo: mtu aliyehukumiwa na tribinali juu ya kosa zito asibaki katika kazi ya masomo, wala hapa wala mahali pengine. Hukumu yenyewe imwondoshe. Isingoje huruma ya mkubwa wake, wala mashauri ya koo mbili, wala mwisho wa mwaka wa masomo.

Watu wamoja watatuambia: Kongo hatuna sheria. Si kweli. Sheria tunazo. Tarehe 20 ya mwezi wa saba 2006 nchi yetu ilipata sheria juu ya ubakaji na jeuri zote za namna hiyo. Sheria ile iliweka kwa mbakaji kifungo cha miaka 5 mpaka 20, tena ikataja watu wamoja kwa kazi yao: mkosaji akiwa mwalimu wa yule aliyetendewa, kipimo cha chini cha kifungo kilifanywa mara mbili. Kanuni za mashauri nazo ziligeuzwa siku ile ile. Zilikataza kesi ya namna hii kuzimwa kwa faini ya kupatana, zikaagiza hukumu itolewe kabla ya kupita miezi 3 tangu wakubwa wa haki kupokea shauri. Halafu, tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009, ikaja sheria ya kulinda mtoto, ni kusema kila mtu asiyetimiza miaka 18. Hiyo iliweka miaka 7 mpaka 20 kwa anayenajisi mtoto, na tena ikamwongezea mwalimu mzigo kwa namna ile ile.

Angalieni vema, ndugu. Mtunga sheria alimweka mwalimu katika safu moja na wazazi na wenye mamlaka. Alijua kwamba uovu wa mgeni ni uovu, lakini uovu wa mwalimu ni uovu pamoja na usaliti.

Basi sheria yajua kumfunga mwalimu. Lakini kumfunga mtu ni jambo moja, na kumwondosha katika masomo ni jambo lingine. Kifungo kina mwisho wake. Na siku mlango wa gereza unapofunguliwa, nani atakayepeleka habari katika masomo ya mlima wa pili, ambako mtu yule atafika na diploma yake mkononi, shati lake limepigwa pasi, akiomba kazi? Diploma yake haikuandikwa neno lo lote juu ya hukumu. Uso wake hauna alama. Mkubwa wa masomo ana darasa lisilo na mwalimu, naye amshukuru Mungu kwa kumletea mtu.

Tutazame namna mambo yetu yalivyopangwa, na hapo tutaona tundu linalopitisha uovu huu. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilichukua masomo yote mikononi mwake. Tarehe 26 ya mwezi wa pili 1977 ilipatana na makanisa, ikawarudishia uongozi wa masomo yao. Tangu hapo masomo yetu ya misioni yana wakubwa wawili: Serikali yalipa mshahara, na Kanisa laongoza. Mapatano yale yalikuwa na faida, hatuyakatai. Lakini kwa jambo tunalolisema leo, yameacha karatasi tatu katika nyumba tatu. Hukumu imo katika sanduku la tribinali. Jina la mwalimu limo katika orodha ya mishahara. Barua ya kumpa kazi imo katika ofisi ya masomo ya jimbo la askofu. Karatasi hizi tatu hukutana mara ngapi? Sisi tunaoishi karibu na masomo twajua kwamba mara nyingi hazikutani. Kila nyumba husema: hilo si shauri letu, waulizeni wale wengine. Mtoto abaki katikati, bila mtu.

Watu watasema: mbona mwenye kuomba kazi huleta karatasi ya mwenendo mwema? Ndiyo, aileta. Lakini karatasi ile hutolewa na wakubwa wa mahali anapokaa. Komini ya hapa yajua nini juu ya hukumu iliyotolewa katika mji ulio mbali kwa mwendo wa siku tano? Huandika kwamba mtu huyu ni mwema kwa sababu haijasikia baya lake. Kutosikia baya la mtu si kumjua kuwa mwema.

Na kuna jambo baya kuliko kutojua: kujua na kunyamaza. Mwalimu aonekana na kosa. Wazazi wawaka hasira. Wakubwa wataka amani. Basi nini chafanyika? Mbuzi waletwa, feza zahesabiwa, na pengine msichana mwenyewe aozwa kwa yule aliyemharibu, kana kwamba jeraha laponywa kwa kulifunga pamoja na kisu. Halafu mwalimu apewa barua: amehamishwa. Wenyeji wa kwanza washukuru kwa kuwa amekwenda. Wenyeji wa pili wamlaki kwa nyimbo, wakimchukulia mizigo yake. Sisi twauliza: huyo amehamishwa, au uovu ndio uliohamishwa? Watoto wa kijiji cha pili walikosa nini hata wapelekewe kilichokataliwa katika kijiji cha kwanza?

Ugonjwa huu si wa Kongo peke yake, na dawa yake imekwisha kutafutwa na wengine. Jirani zetu wa Kenya wana daftari moja la walimu wa nchi nzima, nalo liko mikononi mwa Tume ya Huduma kwa Walimu. Asiyeandikwa humo haruhusiwi kufundisha. Sheria yao ya 2012 yasema kwamba mwalimu aliyehukumiwa juu ya kosa la kunajisi, au kosa juu ya mwanafunzi, jina lake laweza kufutwa katika daftari lile. Tena katika mwaka 2015 Korti Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya wasichana wawili wa masomo waliotendewa uovu na mwalimu wao. Korti haikuishia kwa mwalimu. Ilisema kwamba Tume iliyomwajiri na Serikali nazo zina deni kwa wasichana wale, na zikaamriwa kulipa pamoja naye. Mwamuzi aliwalaumu pia wenye desturi ya kuwazungusha watu wa namna hii kutoka shule hii mpaka shule ile. Wakubwa wetu waisikie hukumu hiyo. Anayemhamisha mkosaji ajua anachokifanya, na anachokijua atakidaiwa.

Wala tusifikiri ya kwamba jambo hili lahusu wenye kushika chaki tu. Katika jimbo la California, kule Marekani, mwaka 1997, msichana mmoja wa miaka 18 aliuawa ndani ya majengo ya masomo yake. Aliyemwua hakuwa mwalimu, alikuwa mfagiaji wa muda. Mtu yule alikuwa amekwisha kufungwa zamani kwa sababu ya kumwua mtu. Wakubwa walimpa kazi kabla ya kupata jibu juu ya alama za vidole vyake. Mwaka ule ule jimbo lilitunga sheria: masomo yasimpe kazi mtu aliyehukumiwa juu ya kosa zito au la jeuri, na asianze kazi kabla jibu halijafika. Twaitaja habari hii kwa sababu kwetu nani anayemwuliza mlinzi wa usiku ametoka wapi? Nani anayemwuliza mpishi wa nyumba ya wanafunzi, au karani, au fundi anayelala katika chumba cha nyuma? Nao wana funguo. Nao huitwa "baba" na watoto.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu, kwani wapo, na wamoja wao ni watu wema.

Wa kwanza wasema: walimu ni wachache. Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bila malipo, madarasa yamejaa, na ninyi mwataka tufukuze watu? Twajibu: ndiyo. Mkulima mwenye njaa hapandi mbegu yenye sumu kwa sababu gala yake ni tupu. Darasa lisilo na mwalimu ni hasara, twakubali. Lakini hasara ile yaweza kulipwa mwaka ujao. Mtoto aliyeharibiwa, ni mwaka gani utakaomlipa? Tena walimu wengi ni watu safi, wanaofundisha kwa mshahara mdogo unaochelewa. Kila siku tunayomwacha mmoja aliyehukumiwa akae kati yao, twawapaka wote matope yake.

Wa pili wasema: masikio ya wanadamu hupenda uongo. Wivu upo, chuki ipo, na msichana aliyepewa alama mbaya aweza kusingizia. Tumwondoshe mtu kwa maneno ya kisimani? Hapana! Hapa sisi ni wakali kuliko wao. Katiba yetu ya 2006 yasema wazi kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe kuwa nalo. Ndiyo maana twasema "aliyehukumiwa", hatusemi "aliyesemwa". Kumfukuza mtu kwa uvumi ni dhuluma, na dhuluma haijengi masomo. Wakati shauri likiendelea asimamishwe kazi, asikaribie watoto, lakini asinyang'anywe chakula cha nyumba yake. Akionekana hana kosa, arudishwe kwa heshima, mbele ya watu wale wale waliomsikia akishitakiwa, na alipwe kilichozuiliwa. Sheria ya California niliyoitaja nayo haikusahau haki hiyo: hukumu ikivunjwa na mtu akiachiliwa kweli, mlango haubaki umefungwa mbele yake. Twaona basi kwamba sheria iliyo wazi humlinda mwalimu mwema. Pasipo sheria, ni ngurumo za watu ndizo zinazohukumu.

Tena tusichanganye makosa. Mwalimu aliyepigana na jirani yake sikukuu, au aliyeshindwa kulipa deni, aonywe, aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake. Hatusemi juu yake. Twasema juu ya kuua, kunajisi, kuuza watu, kutesa, kunyang'anya kwa silaha, na kuwaingiza watoto katika vita. Hili la mwisho, sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 2012 korti ya mataifa ya kule La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga, mtu wa Ituri, kifungo cha miaka 14, juu ya kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia katika vita. Aliyempa mtoto bunduki, atampaje kalamu?

Wa tatu, na hawa hukaa karibu nasi kanisani, wasema: je, Kanisa halihubiri msamaha? Mtu amefungwa, ametubu, amepokea sakramenti, mbona mwamtupa? Ndugu, neno hili lina sura ya utakatifu, lakini twalikataa. Mwizi akitubu twampokea mezani, lakini ufunguo wa gala hatumpi. Msamaha ni zawadi kwa mkosaji, na kazi ya masomo ni amana ya watoto. Hatuwezi kumpa mmoja zawadi kwa kuchukua mali ya mwingine. Duniani kazi si moja. Aliyemaliza kifungo chake alime, ajenge, aendeshe gari, afue chuma, na tumsaidie apate pa kuanzia, kwani naye ni mtoto wa Mungu. Kumkumbusha jana yake kila siku ni ukatili. Lakini kumpa darasa ni upumbavu, na zaidi ya upumbavu, ni kumtia yeye mwenyewe katika jaribu. Bwana wetu alikuwa na huruma kuliko sisi sote, na bado, aliposema juu ya wenye kuwakosesha wadogo, alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari.

Wa nne hawasemi kwa sauti, hunong'ona: jambo likitangazwa, aibu itaanguka juu ya misioni. Hawa ndio tunaowaogopa kuliko wote. Twawakumbusha kwamba Kanisa lenyewe limejifunza somo hili kwa machozi. Mwaka 2002 maaskofu wa Marekani, baada ya aibu kubwa kufunuliwa, waliweka kanuni: padri au shemasi aliyethibitishwa kumtendea mtoto uovu, hata mara moja tu, aondoshwe kabisa katika huduma. Na mwezi wa tano 2019 Papa Fransisko aliwalazimisha mapadri na watawa wa dunia yote kupeleka habari kwa mkubwa wa Kanisa anayehusika, wanapojua au wana sababu ya kuamini kwamba uovu wa namna hiyo umetendwa. Mwaka 2023 aliithibitisha amri hiyo iwe ya kudumu. Ikiwa padri, aliyepakwa mafuta matakatifu, haachwi katika huduma, mwalimu wa darasa la tatu ataachwa kwa sababu gani? Mficha maradhi, kifo humwumbua. Misioni haikuaibishwa kamwe kwa kumtoa mwovu. Iliaibishwa kwa kumficha.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, na hayahitaji utajiri wa Ulaya.

Kwanza: tribinali inapomhukumu mfanyakazi wa masomo juu ya kosa zito, na hukumu imekuwa ya mwisho, karani wake apeleke nakala ya hukumu kwa ofisi ya mishahara na kwa wakubwa wa masomo, naye alazimishwe na sheria kufanya hivyo kwa siku zinazohesabika. Siku ile ile mshahara ukatwe na kazi imalizike, bila baraza jingine la kujadili yaliyokwisha amuliwa.

Pili: pawe na daftari moja la nchi nzima la watu walioondoshwa hivyo. Asipewe mtu kazi yo yote ndani ya masomo, ya Serikali, ya makanisa au ya watu binafsi, kabla jina lake halijatafutwa humo. Daftari lisiwe la kubandikwa sokoni, liwe la wenye kuajiri.

Tatu: mkubwa anayejua na kuficha, au anayemhamisha mkosaji ili akwepe tribinali, naye aadhibiwe kwa kazi yake. Mpaka leo anayeficha hupata sifa ya kuwa mtu wa amani. Sifa hiyo imalizike.

Nne: mwalimu anayeshitakiwa awe na haki yake, kama tulivyosema juu: asimamishwe bila kufa njaa, na akishinda arudishwe wazi.

Mambo ya kwanza matatu ni kazi ya wabunge na mawaziri, nasi twawaomba wayaandike katika sheria kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma. Lakini Kanisa lisikae likingoja Kinshasa. Masomo ya misioni ni mengi sana katika nchi hii. Ofisi za masomo za majimbo yetu zaweza kupatana kesho kwamba hakuna uhamisho wa mwalimu pasipo barua ya kweli kutoka kwa mkubwa wa zamani, inayosema kwa nini ametoka. Jimbo moja likimwondosha mtu aliyehukumiwa, lipashe habari majimbo jirani. Jambo hili halihitaji kura ya mtu, lahitaji kalamu na moyo usioogopa.

Na ninyi wazazi, mbuzi wa mapatano msimpokee. Mnapompokea, mmeuza kilio cha mtoto wenu, na pamoja nacho usalama wa mtoto wa jirani msiyemjua. Pelekeni shauri mbele ya wakubwa wa haki, hata kama njia ni ndefu na mwenye kosa ni mtu wa jina. Na ninyi walimu wema, ambao ndio wengi, msimkinge mwenzenu kwa sababu ya udugu wa kazi. Udugu wenu wa kwanza ni na wale wanaokaa mbele yenu kwenye mabenchi, wanaosimama mnapoingia na kuwaamkia kwa sauti moja. Wao hawana daftari wala ofisi. Hawajui sheria ya 2006 wala ya 2009. Wajua tu ya kwamba mtu anayeingia mlangoni ni mwalimu, na kwa hiyo ni mwema. Imetupasa sisi wakubwa kufanya jambo hilo liwe kweli.